Odeta wa Mawe Matatu, Mama Aliyerudi Kuuliza

Alizaliwa mwezi wa Juni mwaka 1958, pamba ikiwa inavunwa, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Magu, mtoto wa tano wa Mzee Machibya na mkewe Kija. Alibatizwa akiwa na wiki tatu, akapewa jina la Odeta. Baba yake alikuwa mkulima, na kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa pia mpiga kengele wa kigango, kanisa dogo la kijiji chini ya parokia. Kengele yenyewe ilikuwa ringi ya lori iliyotundikwa mtini, na kanisa lilikuwa la udongo, limeezekwa nyasi. Akishapiga, mzee alisimama mlangoni akihesabu watu wanavyoingia, na binti yake mdogo alisimama naye. Kwa hiyo Odeta alijua kuhesabu watu kabla hajajua kuhesabu kitu kingine chochote, na wazee wa kule wanasimulia kwamba alikuwa na tabia ya kumvuta baba yake shati na kumwambia kuwa fulani bado hajafika. Shule aliishia darasa la nne, kwa sababu mama yake aliugua na wadogo zake walihitaji mtu wa kuwapikia.

Mwaka 1979 aliolewa na Nathaniel, fundi seremala, wakahamia Mwanza. Huko alijiandikisha katika madarasa ya jioni ya watu wazima, akawa anakwenda na mtoto wake wa kwanza mgongoni, ambaye alimpa jina la bibi yake. Tangu hapo wengi walimwita Mama Kija. Mwalimu akiandika ubaoni, yeye alisimama nyuma ya darasa akimbembeleza mtoto na kuandika kwa wakati mmoja, daftari likiwa juu ya dirisha. Mwaka 1987 walijenga Mawe Matatu, pembeni ya Buswelu, wakati ambapo pale palikuwa na mashamba ya mihogo, miamba, na nyumba za kuhesabika. Waliokuwepo siku zile wanazikumbuka kwa uchungu mtamu. Jumuiya ya Mtakatifu Monika ilikuwa na familia tisa tu. Sala ilikuwa Jumamosi asubuhi, kila wiki nyumba nyingine, na mabenchi ya Nathaniel yalibebwa kichwani kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Wimbo ukianzishwa kwenye mwamba mkubwa ulisikika mpaka kisimani, na waliochelewa walikuja wakiwa tayari wameshaanza kuitikia njiani.

Wito wake wa uongozi ulikuja bila yeye kuwepo. Mwaka 2009, wiki ya uchaguzi, alikuwa ng'ambo ya ziwa, Sengerema, akimuuguza dada yake hospitalini. Kwetu uchaguzi wa walei, waumini wasio mapadre wala watawa, hufanyika kila miaka mitatu, nao huanzia chini. Kila jumuiya humchagua mwenyekiti na katibu wake, waliochaguliwa hukutana kwenye kigango wakachaguana, na wa vigango ndio wanaounda Halmashauri ya Walei ya parokia. Paroko hukaa nao, hushauri na huthibitisha, ila kura hapigi. Katika jumuiya hakuna karatasi. Wagombea husimama mbele na watu hujipanga nyuma ya wanayemtaka. Na kwa kuwa wote waliokuwepo siku ile waliukwepa ukatibu, mmoja akisema ana mifugo na mwingine ana safari, walimchagua ambaye hakuwepo kukataa. Odeta aliposhuka kwenye kivuko akakutana na Obedi, fundi wa mageti, ambaye alimsalimia kwa heshima kubwa na kumpa pole. Odeta alidhani amefiwa. "Hapana, shemeji," Obedi akamwambia, "umepata cheo." Alicheka. Alimwambia mumewe jioni ile kwamba kama Mungu amemchagua akiwa hayupo, basi na yeye atawashughulikia wasiokuwepo.

Aliushika ukatibu vipindi viwili, na mwaka 2015 alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa Halmashauri ya parokia nzima, mwanamke wa kwanza kukikalia kiti kile. Akina mama waliojifungua miaka hiyo wanakumbuka jinsi alivyoendesha vikao akiwa amepakata watoto wao, ili na wao wapate mikono ya kuandika na akili ya kuchangia hoja. Mara nyingi alisimama kufunga kikao kwa sala huku begani ana alama ya maziwa ya mtoto ambaye si wake.

Jaribu lake kubwa lilitokana na jambo lililoonekana dogo. Mji ulikuwa umepanda mpaka kwetu, na Monika ilikuwa imefikisha familia arobaini na moja. Oktoba 2016 Halmashauri iliamua igawanywe: walio juu ya mwamba wabaki Monika, walio chini wawe jumuiya mpya ya Mtakatifu Sesilia. Odeta alikuwa anajua kila mlango, hivyo akaombwa aandike orodha zote mbili. Aliandika familia arobaini. Iliyobaki ilikuwa ya Revocatus na mkewe Sabina, waliokuwa wametoka Kagera muda si mrefu. Nyumba yao iliegemea mwamba wenyewe, mlango ukitazama juu na jiko likitazama chini. Hakutaka kuwakata kama kitambaa. Alikwenda akawaambia kuwa wao wana hiari, wafikirie wanataka kusali na akina nani, naye atarudi kuwauliza. Siku ya tatu Nathaniel alianguka akiwa kwenye randa yake, na kabla ya jua kuzama alikuwa amefariki. Odeta alimzika mume wake, akakaa msiba, na alipoinuka hakukumbuka tena. Orodha zilikuwa zimeshapelekwa. Watu wa juu walijua Revocatus yuko chini, na watu wa chini walijua yuko juu.

Februari 2018 Revocatus akafariki. Sabina alituma mtu aombe Misa ya mazishi, na akaulizwa, kama ilivyo kawaida, barua ya jumuiya iko wapi. Obedi, aliyekuwa sasa mwenyekiti wa Monika, alifungua daftari la mahudhurio, jina hakuliona. Prudencia, mwenyekiti wa Sesilia, naye hakuliona. Utaratibu tuliojiwekea wenyewe ulisema kwamba asiyesali na jumuiya mwaka mzima bila sababu hasomewi Misa ya mazishi. Ataombewa nyumbani na katekista, basi. Halmashauri iliitwa kwa dharura asubuhi hiyo hiyo, maiti ikingoja. Prudencia alisema wakilegeza kwa huyu, mwezi ujao hakuna atakayekuja kusali. Obedi akauliza kama marehemu alikuwa anaishi hewani, maana juu hayupo na chini hayupo, na watu wakacheka. Walipopiga kura kwa kunyoosha mikono, kumi na wanne walikataa Misa, tisa wakaikubali. Kilichobaki ni mwenyekiti kutangaza.

Odeta hakutangaza. Jina la Revocatus lilikuwa linamsumbua tangu alipoingia, na neno la Obedi lilimchoma mahali ambapo hakujua kuna kidonda. Aliomba nusu saa, akaenda nyumbani kwa miguu, akafungua sanduku alimoweka vitu vya siku za msiba wake. Humo alikuta daftari lake la kuandalia zile orodha. Chini ya majina arobaini kulikuwa na mstari mmoja kwa mwandiko wake: Revocatus, kurudi kuuliza. Hakuna mwingine duniani aliyeujua mstari ule, na uchaguzi mpya ulikuwa umebakiza wiki saba. Wengi walikuwa wameshamwambia kwamba kipindi cha pili ni chake.

Alirudi, akaliweka daftari mezani, akasema akiwa amesimama: "Huyu baba hakuikimbia jumuiya. Mimi ndiye niliyemwacha nje, nikafunga mlango, nikasahau." Akawasimulia yote. Obedi akajaribu kupunguza uzito. "Sasa Mama Kija, unataka na wewe tukuandikie barua ya onyo?"

"Ndiyo," akajibu. "Niandikieni. Na isomwe Misa zote mbili."

Paroko hakuongeza neno la kumtetea wala la kumlaumu. Alisema tu kwamba Halmashauri sasa imesikia ambalo haikuwa imelisikia, kwa hiyo ipige kura upya. Mikono yote ishirini na mitatu ilinyooshwa, wa Prudencia ukiwa wa kwanza. Barua ya onyo nayo iliandikwa, na Jumapili ilisomwa Misa zote mbili, Odeta akiwa amekaa benchi la mbele, macho wazi.

Lakini kabla ya Misa ya mazishi alikwenda kwenye ile nyumba ya mwambani. Sabina alikuwa na umri wa binti yake wa mwisho, na kwa desturi za kwao, mdogo ndiye humpigia magoti mkubwa. Odeta alipiga magoti yeye, mbele ya waombolezaji, akaomba msamaha. Sabina akaeleza, bila kupandisha sauti, kwamba mumewe hakuwahi kukasirika. Mguu wake ulikuwa mbovu na mlima ulimshinda. Kila Jumamosi alfajiri walifagia uwanja, wakatandika mkeka, wakasikia watu wa juu wakianza wimbo wao na watu wa chini wakianza wa kwao, na wao wawili wakasali katikati. Sabina alitaka aende akaulize, mumewe akamkataza.

"Alikuwa akisema, 'Tulia, mama mwenyekiti alisema atarudi,'" Sabina alisema. "Sasa umerudi. Inuka, mama, tukamzike."

Uchaguzi ulipofika, watu wa Monika walimsimamisha tena Odeta pamoja na Obedi, na mtu mmoja kutoka nyuma akalitaja jina la Sabina, aliyekuwa sasa anasali nao, huenda kwa huruma tu. Mstari wa Odeta ulikuwa umeanza kurefuka pale alipotoka mbele yao, akatembea, akaenda kusimama nyuma ya Sabina, ambaye hakuwa na mtu hata mmoja. Wengine waliguna. Saba wakamfuata. Sabina hakushinda, Obedi alishinda, ila aliyepata wanane alipewa ukatibu. Ndivyo Odeta Machibya alivyotoka katika uongozi, na hakurudi tena.

Miaka yake mitano ya mwisho ndiyo tunayoikumbuka kuliko yote. Aliomba kazi moja tu, kuzunguka kabla ya kila sala kwenye nyumba zisizo kwenye orodha yoyote: vyumba vya kupanga, mabanda ya mafundi, viwanja vilivyoanza kujengwa. Alikuwa na kandambili za mpira na mwavuli mweusi, na watoto walimjua kwa hatua zake. Yapo mambo yanayosimuliwa juu yake. Jumamosi moja alikatiza litania, akasema Mama Modesta hajaja, akataka mtu aende sasa hivi, si baadaye. Walimkuta Modesta ameanguka bafuni, mfupa wa nyonga umevunjika, sauti imemwishia kwa kuita. Madaktari walisema angekaa pale mpaka mchana asingepona. Wapo wanaoliita jambo hilo muujiza. Yeye alisema alihesabu tu. Kanisa halijatamka neno juu yake, nasi hatulitangulii. Tunaandika tuliyoyaona.

Aliugua moyo mwanzoni mwa mwaka 2023. Alipopakwa mafuta alimshukuru padre, kisha akamwomba amwombee kwa yale aliyosahau bila kujua. Asubuhi ya tarehe 9 Julai, Jumapili, Sabina alikuwa ameketi kitandani kwake akimlisha uji. Odeta akasukuma kijiko taratibu. "Wale waliojenga karibu na bonde," akasema, "mmewauliza?" Sabina akasema bado. Odeta akamwambia waende. Hakusema neno jingine, na Misa ya pili ilipokuwa inatoka alikuwa amekwisha kufariki, akiwa na miaka sitini na mitano. Monika na Sesilia walimzika pamoja, na jeneza lilitengenezwa na wanafunzi wa Nathaniel.

Anayetaka kumfuata hahitaji kungoja achaguliwe wala apate mstari mrefu nyuma yake. Akumbuke aliyemwahidi, arudi. Akigundua amekosa, aseme mapema, mbele ya wale wale aliowakosea. Na kabla hajafungua daftari kuona nani hajaja, atoke nje aone nani hajawahi kuandikwa. Halmashauri yetu sasa haifanyi uchaguzi wowote kabla viongozi hawajatembea nyumba kwa nyumba kwa miguu yao, na jambo hilo limeandikwa kwenye taratibu, mara tu baada ya sala ya kufungulia.

Jumamosi ya kwanza baada ya mazishi, Sabina, Obedi na wengine watano walikwenda kule bondeni. Geti lilifunguliwa na mama mmoja kijana aitwaye Eugenia, mtoto begani. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akatabasamu, akasema wao ni Walutheri, wametoka Kagera, mume wake mwalimu. Obedi akaomba radhi kwa usumbufu, akasema basi wamekosea nyumba, akageuka.

"Hamjakosea," Eugenia akasema. "Tumehamia hapa tangu mwezi wa tatu, na ninyi ndio watu wa kwanza kugonga. Karibuni ndani, chai ipo."

Wakaingia wote saba, na viti havikutosha.