Mkono wa kushoto wa mzee wa Masanze

Nilijua tu kuna mtu ananidanganya!

Mzee wa Masanze, kiharusi kimemlegeza mkono wa kushoto, halafu gemu nililomtengenezea la kuuzoeza mkono huo linampa ishirini kwa ishirini?

Nikahisi Dada Neema, mtaalamu wa tiba ya viungo, anamgongea skrini. Leo nimeenda hospitali Kilosa kuchungulia mwenyewe.

Dada Neema yuko na mgonjwa mwingine. Mzee peke yake, anagonga kile kiganja nilichokichora kwenye tableti. Kwa mkono wa kulia!

“Shikamoo babu. Mbona hutumii wa kushoto?”

“Marahaba. Mtu kaninyooshea mkono, nimpe wa kushoto? Umelelewa wapi wewe?”

Nikafuta kiganja, nikaweka nyani anayeiba mahindi.

Wa kushoto ukainuka, unatetemeka. Pa! Alama moja.

Wiki tatu mkono umelala kwa sababu ya mchoro wangu.

Jamani, alama za wagonjwa wengine nazo niziamini?