Paja la Mkwe Wangu

Miaka yangu ya unahodha, katikati ya miaka ya sitini, miguu ya timu nzima ilipita mikononi mwangu. Mchezaji akivutika msuli, nilimlaza juu ya dawati katika darasa tulimovalia jezi, nikachemsha maji, nikamkanda kwa samli mpaka apige kelele. Sikusomea udaktari wala nini. Vidole vyangu vilijua tu mguu wa kurudi uwanjani na mguu wa kwenda nyumbani.

Nilipoacha kucheza wakanipa umeneja, nami nikaendelea na sufuria yangu ya maji moto. Kisha mshambuliaji wetu, kijana mrefu kutoka upande wa Gesima, akamwoa binti wa kaka yangu. Kwetu binti wa kaka ni binti yangu, hakuna kupunguza. Siku ng'ombe wa mahari walipoingia bomani, yule aliyekuwa akiniita Kepteni akaanza kuniita Tata, yaani baba. Chinsoni, ile heshima ya wakwe ya kutoonana uchi, kutogusana na kutotaniana, ikakaa kati yetu.

Basi meneja nikafukuzwa darasani na harusi. Wakati wa mapumziko nilisimama nje, mgongo kwenye dirisha, nikitoa maagizo kwa kuufokea uwanja mtupu huku wao wakibadilisha jezi ndani.

"Meneja, huo uwanja umekusikia?" walinitania, wakacheka hadi machozi. Nilicheka pia. Ningefanya nini?

Siku ya kucheza na timu ya Nyansiongo sikucheka. Mvua ilikuwa imelainisha uwanja, na tulikuwa nyuma kwa bao moja. Kabla ya mapumziko nilimwona mkwe wangu akiteleza, akashika paja juu kabisa, karibu na nyonga. Nikiwa nje ya dirisha nilimsikia akiguna. Nikamwita kipa.

"Mguse pale juu. Pakoje?"

"Pamekuwa pagumu, Meneja. Na pana joto."

"Ukibonyeza, kidole kinazama?"

"Mimi sijui hiyo mambo. Wewe ndio hujua."

Nilitamani kuruka lile dirisha. Vidole vilikuwa vinaniwasha. Lakini wazee wa koo zote mbili walikuwa wameketi pembeni mwa uwanja, na hata wasingekuwepo, mwili wangu wenyewe ulikataa.

"Muulize kama anaweza kuendelea."

Kisha nikasikia sauti yake mwenyewe, ya chini, ya adabu: "Mwambie Tata naweza."

Hapo ndipo nilipokosea. Mkwe gani angemwambia baba mkwe kwamba hawezi? Nililijua hilo hata nilipokuwa nikiuliza. Mchezaji wa akiba alikuwa ameshafunga viatu, nami nikaogopa kumtoa mkwe nikamwaibisha mbele ya wazee.

Dakika kumi hazikufika. Aliukimbilia mpira akaanguka peke yake, hakuguswa na mtu. Wenzake wote walimkimbilia. Mimi nilifika kwenye mstari nikasimama na sufuria yangu mkononi, nikilia waziwazi kama mtoto, mpaka kipa akaja kuichukua.

Hakucheza tena. Siku hizi hupita kwangu akichechemea, akipeleka majani mabichi ya chai kituo cha kuuzia. Husimama nje ya lango, akanisalimia kwa heshima zote, nami humuuliza mguu unaendeleaje.

"Uko sawa, Tata," hunijibu kila mara.