Njia ya Pili Inakula Matano

Mmenichosha. Kila mkipita hapa ni "Bibi, tuandikie habari za ule mlango wenye reli," utadhani mikono yangu haina kazi nyingine. Kusoma nilijifunza ukubwani, na kuandika ndiyo kabisa, nakokota kalamu kama mtu anayeburuta gunia la mkaa. Haya, nakokota. Atakayecheka mwandiko, kalamu hii hapa.

Ndugu yangu aliitwa Komeo kwa sababu akishafunga neno halifunguki. Kazi yake ilikuwa kupanga mabehewa kwenye yadi ya kinu cha nafaka. Treni ikileta mabehewa yamechanganyika, yeye na bendera zake humwelekeza dereva: sogea, rudi, simama, hili liache huku, lile lipeleke kule, mpaka kila behewa likae mahali pake. Alianza kama kijana wa kupaka grisi akiwa hajaota ndevu. Alipofika miaka thelathini alikuwa anatembea katikati ya vyuma vinavyokwenda kama mtu aliye sebuleni kwake, na haneni neno, bendera tu.

Msaidizi wake alikuwa kitindamimba wetu. Huyo ndiye aliyekuwa akiingia katikati ya behewa na behewa kutia ndoano ya kuyaunganisha. Komeo alimwombea kazi hiyo yeye mwenyewe, akamwambia mama, "Huyu nitamwangalia kama jicho langu." Mama akasema, "Nimesikia."

Yadi ilikuwa na njia tatu zilizogawanyika kutoka njia moja. Wapangaji huhesabu njia kwa vichwa: njia hii inakula mabehewa matatu, ile inakula manne. Njia ya pili ilikuwa inakula matano. Asubuhi moja wakaweka matano njia ya pili, kitindamimba akaingia kati ya la nne na la tano kutia ndoano. Kichwa cha treni kikaja kikisukuma mengine matatu, ya kwenda njia ya kwanza. Ukasikika mlio kama mlango wa dunia umefungwa. Behewa la tano likarukia la nne, na kitindamimba yuko katikati. Vile vichwa vya chuma vinavyogongana vilimkuta kifuani. Alikufa amesimama, maana hakuwa na nafasi ya kuanguka. Watu walipoyavuta mabehewa ndipo alipoanguka, na kilichoanguka hakikuwa mtu wa kumwosha bila kufumba macho.

Komeo hakwenda kwa maiti. Alikwenda kwa dereva. Alimvuta kwa ukosi akamshusha chini, akachukua nondo ya kulegezea ndoano, akampiga mkono wa kulia mpaka ukapinda pasipo na kiwiko, akampiga na mdomoni, meno matatu yakaingia kwenye kokoto. Wapakiaji sita ndio waliomtoa.

"Uliingia njia ya pili," Komeo alikuwa akisema. "Sijamaliza kugeuza njia, ukaja."

"Uliniita," dereva akasema kwa damu. "Bendera uliipunga. Niliingia ya kwanza, nikagonga kitu."

Nani mkweli? Behewa lililotangulia liliacha reli na kuvunja ile sehemu ya kugeuzia njia, na kabla ya jua kuzama winchi ilikuwa imeshaondoa kila kitu kwa sababu kinu kilikuwa kinasubiri. Mkubwa wa stesheni akaandika "ajali". Komeo alifungwa mwaka mmoja na nusu kwa ule mkono. Dereva mkono haukunyooka tena, hakuweza kuvuta mtaimbo wa breki, wakampa ufagio wa karakana.

Hapo ndipo vita ilipohamia mtaani, maana nyumba zao zilitenganishwa na ukuta mmoja. Dereva alikuja kumzika marehemu mkono ukiwa kwenye kitambaa, na dada wa marehemu akamfukuza kwa mpini wa jembe mbele ya jeneza. Dada huyo huyo, siku ya arobaini, alimkuta mke wa dereva bombani, akamshika hereni akavuta, na ncha ya sikio ikaja nayo. Msiniulize ni nani. Mama alizaa binti mmoja tu.

Komeo alipotoka jela na kurudishiwa bendera zake, alivunja madirisha ya dereva, yote manne, kwa utulivu, moja baada ya jingine, kama anayepiga misumari. Dereva alilichoma banda la kuku la Komeo kwa mafuta ya taa. Mbwa wa dereva alikutwa amening'inia ukutani. Na kila asubuhi, Komeo akipiga mswaki, alitema upande wa pili akasema kwa sauti, "Njia ya mwongo ni fupi." Dereva naye humjibu, "Muulize mdogo wako." Mkewe Komeo akanambia, "Wifi, mimi nimeolewa na watu wawili, mume wangu na huyu adui yake. Sijui ninayempikia ni yupi." Miaka ishirini na miwili.

Mtu akikuona unapigana hajui unagombea nini. Komeo hakuwa anagombea ukuta wala kuku. Alitaka jambo moja tu lithibitike kabla hajafa: kwamba si mkono wake uliomuua mtoto aliyeahidi kumwangalia. Kama dereva aliingia njia ya pili, basi muuaji ni dereva. Kama hakuingia, hilo lililobaki Komeo hakuwahi kulitamka hata kichwani.

Yadi iling'olewa, reli zikauzwa vyuma chakavu, pakabaki nyasi. Komeo akastaafu. Siku ya pili ya kustaafu alitoa mlango wa stoo kwenye bawaba, akaulaza juu ya mapipa mawili uani, akaanza kuijenga yadi yote upya. Hakuhitaji ramani. Alikuwa ameipita kwa miguu kila siku ya kazi na aliijua kwa hatua. Hatua mbili za mguu wake akazifanya upana wa kidole kimoja. Njia ya pili ilikuwa hatua themanini na nne, ikawa vidole arobaini na viwili. Kwa reli alinyoosha nyaya za ua. Magurudumu yalikuwa vifungo vya makoti. Mabehewa aliyakata kwenye debe la mafuta ya kupikia, akayakunja kwa koleo, ndoano zikawa pini. Sehemu ya kugeuzia njia aliifanya kwa spoku ya baiskeli na uzi wa kushonea, ukiuvuta njia inageuka kweli. Kichwa cha treni kilikuwa kopo la rangi ya viatu juu ya kipande cha ubao.

Wapita njia walimcheka. "Mzee, tiketi ni shilingi ngapi?" Yeye huwajibu, "Wewe panda juu, wajinga hawalipi." Lakini wakisimama kidogo walinaswa. Ule mkia wa njia, pale pa kurudia nyuma, ulikuwa unakula kichwa na mabehewa matatu tu, si zaidi, kama ule wa kweli. Ukitaka kulitoa la nne bila kuvuruga mpango, lazima ufikiri mpaka utokwe na jasho. Nilimwona baba mzima wa familia akikaa pale saa nzima, ndoo ya maji kichwani, akisema, "Ngoja, ngoja, hili tulirudishe kwanza."

Ilipokamilika, Komeo alimwita dada yake. "Nenda kamwambie yule aje aone alivyomuua."

"Hatakuja."

"Atakuja. Mwambie nimejenga yadi."

Alikuja. Fimbo mkono wa kushoto, ule wa kulia umekunjamana kifuani, na mkewe nyuma, kitambaa kimefunika sikio. Hakuna aliyesalimia. Komeo akapanga mabehewa matano njia ya pili. Kati ya la nne na la tano akasimamisha njiti ya kiberiti kwenye kipande cha nta. Hakusema njiti ile ni nani.

"Tazama. Matano yameingia, na nafasi vidole viwili imebaki. Njia ya kwanza nyeupe, haina kitu." Akasukuma kichwa na mabehewa matatu njia ya kwanza. Yakapita bila kugusa kitu. Njiti haikutikisika. "Umeona? Ungeingia ya kwanza, huyu angekuwa hai. Sasa sema."

Dereva aliegemeza fimbo kwenye pipa. Aliinama, akanyanyua behewa moja, akaligeuza geuza kama mtu anayechagua nyanya.

"Yote umeyakata kipimo kimoja?"

"Behewa ni behewa."

"Siku ile mawili yalikuwa ya mafuta," dereva akasema. "Yale marefu."

Hapo nilimwona ndugu yangu uso ukimkauka damu, ukabaki wa majivu. Maana alikumbuka. Wapangaji huhesabu vichwa, na asubuhi ile alikuwa amehesabu vichwa: moja, mbili, tatu, nne, tano, njia inakula matano, haya. Kwa miaka ishirini na miwili kila alipofumba macho aliona matano. Hakuwahi kuona urefu.

"Mama watoto," akasema, "lete yale makopo ya dawa ya mbu. Yale matupu."

Behewa la kawaida lilikuwa vidole vinane, lakini la mafuta lilikuwa hatua ishirini, yaani vidole kumi. Aliyejua kipimo hicho pale uani ni yeye peke yake. Angekata vidole vinane na nusu, nani angemwumbua? Dereva alikuwa mtu wa kukaa mbele, hajawahi kupima behewa kwa mguu. Nilimtazama ameshika mkasi wa bati, nami moyoni nikamwambia, kata fupi, ndugu yangu, kata fupi yaishe. Alikata kumi. Bati likamchana kiganja, damu ikadondokea njia, hakuifuta.

Akayaweka. Matatu mafupi na mawili marefu. Mkia wa la tano ukatokeza nje, vidole viwili kamili, ukaziba njia ya kwanza. Akaisimamisha njiti. Kisha akavuta uzi, akageuza njia kwenda ya kwanza, sawasawa, mbele ya macho yetu, akasukuma. Pembe ya behewa ikaushika ule mkia. La tano likarukia la nne. Njiti ikakatika.

Komeo akaokota nyundo. Mke wa dereva akamvuta mumewe nyuma, nami nikasema leo pia tunazika. Lakini nyundo ilishukia mlango. Pigo la kwanza behewa moja refu likawa chapati. Alipoinua la pili, ule mkono uliopinda ukamdaka kifundo cha mkono.

"Usivunje," dereva akasema. "Hii ndiyo shahidi wangu pekee. Nimeingoja miaka ishirini na miwili."

Komeo akaiachia nyundo. "Basi nipige."

Dereva alimpiga. Hakumwonea haya wala huruma, alimpiga fimbo ya mdomo, meno mawili yakatoka, akampiga ya bega, akampiga ya mbavu, na Komeo amesimama mikono chini kama aliyesikia bendera ya kusimama. Mke wa Komeo alilia kimya kimya, hakuingilia. Mke wa dereva akanijia mimi, akafunua kitambaa nikaona sikio lake. Sikusema samahani, sijui kuisema. Nilimgeuzia sikio la kushoto. Akashika hereni, akavuta.

"Jino moja bado," dereva akasema akihema. "Yalikuwa matatu."

"Njoo Jumapili," Komeo akajibu kwa damu.

Alikuja Jumapili, na lile jino halikung'olewa kamwe. Miaka mitatu walisimama mmoja upande huu wa mlango, mwingine ule, wakicheza na refu moja lililobaki, Komeo anapunga kitambaa, dereva anasukuma kopo la rangi ya viatu. Hawakuwahi kupeana mkono. Maneno yao yalikuwa mawili tu. Kabla ya kusukuma, dereva huuliza, "Kuna mtu?" Komeo huinama, hutazama kati ya kila behewa na behewa, hupima mkia kwa vidole, ndipo husema, "Hakuna." Siku ya kumzika Komeo, dereva ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea, kwa mkono ule ule.

Mlango sasa uko chumbani kwangu, na dereva bado anakuja Jumapili, anaangalia tu, maana mpunga kitambaa hayupo, na behewa moja refu ni lile lililopondwa, mchezo haukamiliki. Basi wewe uliyenitoa jasho mpaka hapa, nina haki yangu kwako. Niletee kopo moja refu la dawa ya mbu, tupu, lisilobonyea. Lipime mwenyewe kabla hujatoka kwako, vidole kumi. Ukija na la vinane na nusu, mpini wa jembe bado ninao.