Nilichemsha mashanza, nusura ndoa yangu ivunjike

Heshima kwenu wakuu. Hii sijasimuliwa, imenipata mwenyewe, na chumvi sijaongeza.

Enzi za uasi hapa Kongo tulikaa mjini Beni, mtaa wa Bungulu. Mume wangu ni mwalimu, alitumwa huko kutoka Kasai. Mimi ni wa Butembo.

Vita ilitupa tabia mbaya. Homa kidogo tu, unanunua antibiotiki sokoni, unameza. Mimi nilikuwa bingwa.

Kila nikimaliza dozi, fangasi ukeni. Kuwashwa mpaka kanisani sikai! Napaka dawa, napona, nameza tena, wanarudi.

Mume akaanza kunishuku. Wanajeshi walijaa mtaani, basi akawaza kwamba natembea nao. Akahamishia godoro sebuleni.

Siku moja akaniambia, "Mama, hii maladi, huu ugonjwa, unaitoshaka wapi? Utaenda kumweleza baba yako kule Butembo."

Yaani narudishwa kwetu. Nililia jamani, acheni.

Nikaenda kwa Masika, muuguzi wa zahanati ya jirani. Akanitibu, akanikataza dawa za kujinunulia. Akasema pia ninywe mashanza, yale maziwa ya kuganda, kwa sababu yana bakteria wazuri na huenda yakasaidia fangasi wasirudi.

Nikanywa kila siku. Baadaye jino likavimba, daktari akaniandikia antibiotiki, na fangasi hao wakarudi! Mume akasema sasa basi, niende kwetu.

Nikafunga nguo zangu. Kabla ya kuondoka nikapita kwa Masika kumlaumu. Akauliza nayanywaje. Nikamwambia nayachemsha kwanza, si tumefundishwa kuchemsha maziwa?

Masika alicheka mpaka akashika meza. "Unachemushaka mashanza? Donc bale badudu bazuri unabaua bote! Maziwa inachemushwa mbele ya kuganda, hapana nyuma!"

Kisha akatuma mume wangu aitwe. "Mwalimu, hii hapana ya umalaya. Inatokaka ku zile dawa munamezaka ovyo."

Tulirudi nyumbani, Mwalimu akafungua mzigo wangu, akaanza kukunja nguo moja moja na kuzirudisha kabatini. "Unisamehe, mama. Nilikuwazia mubaya."

Fangasi hawajarudi tena. Labda ni mashanza, labda ni kuacha kumeza ovyo, sitawadanganya. Kupima kwanza ni lazima. Ila Masika namshukuru mpaka leo, alinirudishia jina langu.

Akina mama, msione haya kuandika hapa chini. Na nyie wanaume mnaosoma kimya kimya, kuna aliyewahi kumshuku mkewe bure?