Mwamikazi Aliyetwanga Sombe

Kila nikifungua riwaya ya wafalme wa zamani, mke wa mfalme amekaa. Amekaa tu! Shanga shingoni, machozi mashavuni, anangoja mume arudi vitani. Nasoma kurasa chache, nafunga kitabu, nanung'unika peke yangu mpaka wajukuu wananicheka. Hawajui kwamba mwamikazi huyo wa uongo niliwahi kuwa mimi mwenyewe.

Mwaka wa uhuru, mwalimu wetu hapa Kasenga, mjini Uvira, alitunga mchezo wa kuigiza juu ya mwami, yaani mfalme, wa kale na mke wake. Mwamikazi nikawa mimi. Nilipakwa poda, nikavikwa shanga za kuazima, nikaambiwa nikae mkekani na kulia kwa adabu. Mwami alikuwa kijana wa darasa la juu, mrefu, mwenye sauti nzito. Watu walitupigia makofi mpaka basi.

Mama mukubwa, dada ya mama yangu, aliteremka milimani kuja kunitazama. Yeye alikuwa mke wa mwami wa kweli huko juu. Viganja vyake vilikuwa vigumu, maana alilima pamoja na wanawake wa kule, akawagawia mbegu, akaamua ugomvi wa mashamba jembe likiwa begani. Mchezo ulipoisha aliniuliza, "Sasa weye, wakati uko unalia pale, nani alikuwa analima?" Niliona haya. Mwalimu alicheka, akasema hakuna mtu anayekuja kutazama mwanamke anayepalilia.

Kisha uasi ukafika Uvira. Waasi walisema kila mwami alikula sahani moja na wazungu, wakaanza kuwasaka, wao na wake zao. Mume wa mama mukubwa aliuawa. Yeye akashuka bondeni, akapita mashamba ya Nyakabere katikati ya wanawake waliokuwa wakirudi makwao, kapu la mihogo mgongoni, mpaka akafika kwetu. Hatukulala vizuri tena. Ee Mungu, kila mbwa alipobweka tulitazamana.

Asubuhi moja waasi waliingia uani, na aliyekuwa mbele yao ni yule mwami wangu wa mchezo, bunduki mkononi, majani yamefungwa kichwani. Mama mukubwa alikuwa kwenye kinu, anatwanga majani ya mihogo ya kupika sombe.

"Eh, mwamikazi wangu!" kijana alinichekea. Kisha uso ukabadilika. "Wametuambia bibi ya mwami iko humu. Iko wapi?"

Mama mukubwa hakuacha kutwanga. Kijana akamgeukia. "Na huyu?"

Sijui kicheko nilikitoa wapi, lakini nilicheka. "Huyu? Aa, weye ulikuwa mwami, unajua mwamikazi anakuwaga namna gani. Mwamikazi anaweza kutwanga sombe?"

Alimtazama miguu iliyopasuka, kitenge kilichochanika, jasho linalotiririka hadi kidevuni. Niliomba moyoni bila maneno.

"Hapana," akasema, kama mtu anayejibu swali darasani. "Mwamikazi hawezi."

Wakataka chakula. Mama mukubwa ndiye aliyewaletea maji, akamnawisha kijana yule mikono, akamwekea bugali na samaki. Watu waliomuua mumewe walikula mbele yake, na hakuna aliyeinua macho kumtazama. Walipokwisha kula wakaenda zao.

Mama mukubwa alikaa chini palepale. Nilimkumbatia. Nilikuwa na hasira hata nikashindwa kulia. Nikamwambia siku moja nitaandika mchezo wangu mimi, niwaonyeshe watu mwamikazi alivyo kweli. Alinishika mkono kwa nguvu mpaka ukaniuma.

"Acha. Waandike vilevile. Siku watajua namna tuko, watatumaliza."

Nilimtii maisha yake yote. Hakupanda milimani tena. Alizeekea hapa Kasenga, akilima kishamba chake, na majirani walimwita mama, kama mama mwingine yeyote. Nilisoma riwaya zile za wafalme, nikanung'unika, nikanyamaza.

Sasa tumemzika, na hakuna tena wa kumtafuta. Kwa hiyo leo naandika: mwamikazi alikuwa anatwanga sombe.