Nimemuua Mimi, Nani Mwingine?

Baba mdogo alikuwa na dume la ng'ombe, jeusi, lenye doa jeupe kwenye paji la uso. Mwaka mmoja wa ukame akaamua kuliuza, tukaliswaga hadi mnada wa Igunga, yeye mbele na kamba, mimi nyuma na fimbo. Kazi yangu ilikuwa kulizuia lisiingie kwenye mpunga wa watu. Sikuifanya vizuri, lakini hayo tuyaache.

Pale mnadani akaja bwana mmoja mwenye kofia safi. Akalizunguka dume letu akilisifu. Akasifu pembe, akasifu nundu, akasifu hata mkia. Yule bwana akasema dume kama hili angekuwa nalo yeye asingelitoa hata kwa mahari ya binti wa mtemi. Hapo baba mdogo akafungua kamba, tukahamia upande wa pili kabisa, karibu na wauza chai.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mtu anayetaka kununua anatafuta kasoro. Huyu hajaona hata moja. Sijui anatafuta nini." Mchana likanunuliwa na mchinjaji wa Nzega aliyelitukana asubuhi nzima, eti limekonda, eti lina macho ya mwizi. Baba mdogo alirudi nyumbani amefurahi sana, anayarudia yale matusi njia nzima.

Basi mimi nimekua hivyo. Ukinisifu, nahama. Mke wangu ananiambia hii ni roho mbaya, na huenda ni kweli, lakini ndiyo roho niliyokuwa nayo walipokuja wale vijana wa sinema kutoka Dar es Salaam.

Walikuja kwa sababu ya kitabu. Mwalimu mmoja wa hapa Tabora, marehemu sasa, alitunga riwaya juu ya utoto wetu. Alikuwa mdogo kuliko sisi sote, tulimtuma maji na kuokota mawe ya manati, kumbe yeye anatutazama. Mimi kusoma kwangu ni kwa kubahatisha, niliishia darasa la nne, kwa hiyo binti yangu ndiye aliyenisomea kitabu chote jikoni huku anachambua michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. Majina kayabadilisha, lakini kila mtu wa mtaani anajua nani ni nani.

Kitabu kinasema habari za makundi mawili ya vijana. Sisi tulikuwa wa upande wa soko, Wanyamwezi watupu pamoja na Waarabu wawili watatu ambao baba zao walikuwa na maduka. Wenzetu walikuwa wa upande wa reli, watoto wa wafanyakazi wa treni, wengi Wazaramo waliozaliwa hapahapa na hawakuwahi kuiona bahari. Tulipigana kwa manati na fimbo. Tukikutana kisimani tulimwagiana ndoo. Lakini mchezo wenyewe ulikuwa mabehewa. Pale stesheni, kichwa cha treni kilipokuwa kinasukuma mabehewa ya mizigo huku na huku kuyapanga, tulidandia juu. Upande wa soko mmoja, upande wa reli mmoja. Wa mwisho kuruka ndiye aliyewashindia wenzake.

Kaka yangu alifia pale. Alikuwa juu ya behewa na mkubwa wa kundi la reli, wawili peke yao. Alianguka katikati ya mabehewa.

Sasa hapa lazima nieleze kidogo kwa ajili ya wale ambao hawakukulia kwetu. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Mababu zetu walibeba mizigo ya misafara kutoka huku hadi pwani, na njia ilipita kwa Wazaramo. Huko sijui walipigana, sijui walilishana, kila mzee ana hadithi yake, lakini mwisho wake ukawa utani. Naweza kukutukana na kukuvua kofia mbele ya wakwe zako, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukifiwa, mimi mtani ndiye nitakayechimba kaburi, na ndiye nitakayefanya fujo mpaka mama wa marehemu acheke.

Kwa hiyo siku ya kumzika kaka, kundi la reli lilikuja lote. Yule mkubwa wao akashuka ndani ya kaburi, akalala chali, akaweka mikono kifuani. Akasema, "Mpelekeni kwingine, hapa nimeshapanga mimi." Mchungaji akafunga kitabu, akasubiri. Wazee wakamwambia toka, akataka aletewe kuku kwanza. Halafu akasema yale maneno ambayo mwalimu ameyaweka kitabuni vilevile: "Nimemuua mimi, nani mwingine? Sasa nani atanibebea mizigo mpaka pwani?"

Watu walicheka. Mama yangu alicheka, halafu ndipo akalia vizuri, maana tangu taarifa ilipofika alikuwa kama gogo.

Huyo mkubwa wa reli bado yupo. Tumezeeka naye. Kila asubuhi alikuwa anakuja barazani kwangu tunywe kahawa, na hakuwahi hata siku moja kunisalimia kama watu wanavyosalimiana. Anaanza akiwa bado njiani: "Mpagazi! Umeamka? Nani kakuruhusu uamke?" Nami namjibu, "Karibu, bure ghali, mtu wa pwani usiyejua kuogelea." Mke wangu anamtilia kahawa, naye anamwambia mke wangu aachane na mimi, ana jamaa yake mjane.

Nirudi kwa wale wa sinema. Mkubwa wao walimwita dairekta, kijana ana miwani, shikamoo yake inatoka haraka kama anapiga chafya. Walinikalisha kiti kizuri. Walitaka niwafundishe vijana waigizaji tulivyotembea, tulivyoshika manati, tulivyotukanana. Kila nikisema neno, dairekta anasema, "Mzee wangu, wewe ni hazina." Nikikohoa, hazina. Nikaanza kuwaza, hawa watu wengi hivi, hakuna hata mmoja wa kuniambia mzee hapo unadanganya? Maana nilikuwa nadanganya kidogo, hasa habari za shabaha yangu ya manati.

Nikagundua kitu kingine. Kila wakimaliza habari za manati, wanarudi kwenye behewa.

"Mzee, pale juu walikuwa wawili tu?"

"Wawili."

"Na wengine mlikuwa wapi?"

"Chini, kwenye nyasi. Tunapiga kelele."

"Mliona alivyoanguka?"

"Wingu la vumbi tu. Behewa lilipita."

Dairekta akamwangalia msichana mmoja aliyekuwa na zile karatasi zao za maneno ya sinema. Yule msichana akaandika. Nikamwambia nisomee ulichoandika. Akacheka, akasema, "Vitu vidogovidogo tu, babu." Babu! Mimi sina utani na yeye, wala sijamuoza mtu kwao.

Ikaja siku ya mazoezi ya mazishi. Walichimba kaburi la uongo kwenye uwanja nje ya mji, upande wa kwenda Isikizya. Kijana anayeigiza mkubwa wa reli akasogea kwenye jeneza, kakunja ngumi, macho mekundu, akasema kwa sauti ya kisasi, "Nimemuua mimi! Nani mwingine?" Na vijana wa soko wakamrukia, ikawa vita juu ya jeneza.

Nikasimama. "Hapana. Hapana, dairekta. Aliyasema amelala kaburini. Watu walicheka."

"Walicheka?"

"Mama yangu alicheka."

Dairekta akavua miwani, akaifuta kwa fulana. "Mzee wangu, nisamehe. Mtoto wake yuko kwenye jeneza, mtu anasema nimemuua mimi, naye anacheka?"

"Ni mtani wake."

"Utani naujua, hata mimi nina watani wa mpira kazini. Lakini hapa mtu amekiri mbele ya mchungaji. Walikuwa wawili tu, mmoja amekufa. Na hakuna aliyemuuliza?"

Nilitaka kumcheka. Kijana amekulia kwenye misiba ya maturubai na vipaza sauti, anajua nini. Nikamweleza tena, na nikamweleza na hatari yake: mwenye maneno hayo yu hai, ana wajukuu wanasoma hapahapa, sinema ikitoka hivi Tabora nzima itamwita muuaji mpaka anaingia kaburini. Akasema majina yamebadilishwa. Nikamwambia mtaani kwetu majina hayabadiliki. Akasema atalifikiria. Nikajua hatalifikiria.

Lakini nilipokuwa narudi nyumbani lile swali lilikuja na mimi. Na hakuna aliyemuuliza? Ni kweli, hakuna. Ungemuulizaje? Kashasema mwenyewe na watu wamecheka, ukiuliza tena unaonekana mjinga.

Kesho yake alipokuja barazani, "Mpagazi, bado hujafa tu?", nikamjibu, lakini nilikuwa namtazama. Nikaanza kuhesabu mambo. Habari za behewa hajawahi kuzisimulia. Za ndoo anasimulia, za manati anasimulia, hata za yeye kukimbizwa na bata bukini anasimulia. Behewa hapana. Halafu makaburi ya kwetu yeye ndiye anayeyafyeka kila mwaka mvua zikiisha. Ni kazi ya mtani, najua, nami nimemfyekea ya kwao. Lakini mbona kwa kaka anakaa sana? Mbona anang'oa majani kwa mkono? Na mama yangu alipougua, yeye ndiye aliyembeba mgongoni kumpeleka hospitali akiimba nyimbo za kuwatukana Wanyamwezi. Mambo yale yale niliyompendea maisha yangu yote, sasa kila moja lilikuwa na upande wa nyuma.

Mke wangu akaniuliza naumwa nini. Nikamwambia tumbo. Akasema, "Tumbo halimkodolei mtu macho hivyo."

Mtani wangu mwenyewe alikuwa na hamu kubwa na hiyo sinema. Alisikia kuna kijana anamwigiza. "Nasikia wamempata mwenye miguu ya Kinyamwezi, imepinda kwa mizigo. Kwa nini hawakuniita mimi? Nina meno sita, yanatosha sinema." Nikamkwepa. Nikamwambia ni mbali, kuna vumbi. Akasema, "Vumbi! Mtu wa Tabora ananitishia vumbi!"

Siku ya kupiga picha ya mazishi akaja peke yake na bodaboda, kavaa kanzu yake ya Ijumaa. Wakampa kiti karibu na changu. Dairekta alipoambiwa huyu ndiye mwenyewe, alikuja kumshika mkono kwa mikono miwili. Hakusema hazina. Alimtazama tu, vile unavyomtazama mbwa ambaye hujaambiwa kama anauma.

Wakaanza. Ngumi, macho mekundu, vita juu ya jeneza. Mtani wangu akaduwaa, halafu akacheka mpaka akashika mbavu. Alidhani wanafanya masihara. "Sasa hii nini? Msiba au fainali ya mpira? Subirini, subirini wanangu." Akanipa kofia yake niishike. Kabla mtu hajamzuia, mzee yule akakaa ukingoni, akateremka kaburini taratibu akiugulia magoti, akalala chali na kanzu yake nyeupe kwenye udongo mwekundu. Akaweka mikono kifuani.

"Mpelekeni kwingine! Hapa nimeshapanga mimi!"

Waigizaji wakacheka. Mafundi wa taa wakacheka. Mwenye kamera, bila kuambiwa, akasogea ukingoni na kuielekeza chini. Hata dairekta nilimwona mdomo unamcheza.

"Na kuku sijamwona!" anasema huko chini. "Nimemuua mimi, nani mwingine? Mnyamwezi mbishi vile angekufa peke yake?"

Wote wanacheka. Halafu akanigeukia, ananisubiri. Ilikuwa zamu yangu, mtu wa marehemu ndiye anayejibu. Nilitakiwa nimwambie neno lolote, toka humo mnuka papa, chochote.

Nikasema, "Kweli?"

Akadhani hajasikia. "Unasemaje, mpagazi?"

"Nakuuliza. Kweli ulimsukuma?"

Kicheko kiliisha kwa mafungu, wa mbele kwanza, wa nyuma baadaye. Mtani wangu alibaki amelala ananitazama kutoka chini. Mikono ilikuwa bado kifuani. Sikuona hasira usoni mwake, wala hofu, na nilikuwa nazitafuta zote mbili. Ningeziona ningejua. Alikuwa ananitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka alinijulia wapi.

Akainuka. Nikainama nimpe mkono, akaupita, akashika mkono wa yule kijana aliyekuwa anamwigiza, akapanda kwa upande ule. Akajikung'uta udongo, mgongoni hakufika, ukabaki. Akanijia, akachukua kofia yake mikononi mwangu, akaivaa.

"Haya, bwana," akaniambia. "Shukrani kwa kunishikia kofia."

Bwana. Miaka yote ile hakuwahi kuniita bwana.

Dairekta akamkimbilia, anamwita mzee, mzee wangu, gari lipo, tutakurudisha. Hakugeuka. Alishika njia ya mjini kwa miguu, pembeni ya barabara, mgongo wa kanzu una udongo, malori ya tumbaku yanampita. Hajaja tena barazani kwangu.