Mama Kiema na Sala ya Siku Tisa

Mama yangu, Perpetua Kavinya, alizikwa kwetu Mwala mwezi wa Februari mwaka huu, kando ya mwanawe. Padri wa kule hakumjua. Alisema marehemu alikuwa mwanamke wa sala. Ni kweli, lakini nataka kuandika ilikuwa sala gani, kwa sababu ndiyo iliyommaliza.

Aliuza mitumba ya watoto katika soko la Gikomba kwa miaka ishirini na minane. Robota likikatwa kamba alfajiri, mkono wake ulikuwa wa kwanza kuingia ndani. Mteja akilalamika kwamba sweta ina tundu, alimjibu, "Mtoto wako atakua haraka kuliko hilo tundu." Watu walicheka, wakanunua. Baba alikufa nikiwa darasa la nne, akatulea peke yake, kaka yangu Kiema na mimi Koki, katika vyumba viwili vya orofa ya tatu, Kariobangi South. Kwa kuwa Kiema ndiye kifungua mimba, ploti nzima ilimwita Mama Kiema.

Jumuiya yetu ni ya Mtakatifu Rita, nyumba kumi na nne. Kila Jumamosi jioni watu hukutana kwa mmoja wao, husoma Injili ya kesho yake, husali, hunywa chai. Mama alikuwa katibu. Yeye ndiye aliyeandika ratiba ya nyumba, na kila mwaka sikukuu ya Rita, somo wetu, ilipofika mwezi wa Mei, yeye ndiye aliyesimulia maisha yake: jinsi mume wa Rita alivyouawa, jinsi wanawe wawili walivyotaka kulipiza kisasi, na jinsi Rita alivyomwomba Mungu awachukue kabla hawajamwaga damu. Wakaugua, wakafa, mikono yao ikiwa safi.

"Mimi hapo Rita ananishinda," Mama Jacky wa orofa ya chini alisema mwaka mmoja. "Wangu wakikosa nitawachapa mwenyewe. Mungu asiwaguse."

Watu walicheka sana. Mama pia alicheka.

Kiema alikuwa akipakia katoni za sabuni Industrial Area, kibarua cha siku kwa siku. Kilipokwisha, alianza kuja nyumbani na pikipiki.

"Hii ni ya nani?" Mama alimwuliza.

"Ya boy wangu, mathe. Wacha stress."

"Huyo rafiki hana jina?"

"Ako nalo. Lakini nikikuambia utaenda kumwombea kwa jumuiya, na yeye hataki."

Hata Mama alishindwa kujizuia, akatabasamu. Ndivyo Kiema alivyokuwa.

Alikufa Septemba ya mwaka juzi, siku ya Ijumaa. Pikipiki iliteleza ikaingia chini ya trela. Alikutwa na mikoba miwili ya wanawake ndani ya jaketi. Jumuiya yote ilikuja matangani, wakaimba, wakatusindikiza hadi Mwala, na hakuna aliyetaja mikoba.

Baada ya mazishi Mama alibadilika. Mama Jacky alipomsalimu ngazini, "Mama Kiema, umeamkaje?", alimwambia, "Niite Mama Koki." Jumapili kanisani, watu walipopanga mstari wa Komunyo, alibaki ameketi, akiinamia magoti yake. Nilidhani ni huzuni. Kisha nikaona jambo jingine. Mimi hufanya kazi dukani Jumamosi na hurudi jioni wakiwa wameshaanza, kwa hiyo sikuhudhuria jumuiya, lakini nilisikia nyimbo. Wiki hii zilitoka orofa ya pili, wiki nyingine mlango wa jirani kabisa. Mwaka ukaisha na hazikutoka kwetu hata mara moja. Nikajua wametukwepa. Nyumba ya mwizi, nani atakunywa chai yake? Nikawachukia kimyakimya, nikawa siitikii salamu zao vizuri.

Novemba iliyopita Mama aliambiwa ana kansa ya ini. Baada ya Krismasi daktari alisema nimrudishe nyumbani, hakuna tiba iliyobaki. Niliomba nimwite Padri, akakataa. Nikaomba tena baada ya siku tatu.

"Padri akija ataniuliza," alisema. "Mwache."

Kufa ni kufa, hilo nililikubali. Nilichoogopa ni kwamba mwanamke aliyenishika mkono kunifundisha Ishara ya Msalaba angeondoka bila kuungama na bila Ekaristi, na sikujua kwa nini. Lawama zote niliziweka kwa jumuiya. Waliomtenga ndio waliomvunja imani. Kwa hiyo nilienda kwa mwenyekiti, Mzee Gachanja, fundi wa vitanda, nikamkuta anapiga randa.

"Tumsifu Yesu Kristo, Baba Jecinta."

"Milele na milele, amina. Karibu, Koki. Mama ameamkaje?"

"Mnaogopa nyumba yetu?" nikamwambia nikiwa nimesimama. "Kiema alikuwa mwizi, sawa. Mama aliiba nini?"

Hakukasirika. Aliweka randa chini, akaingia ndani, akatoka na daftari la jumuiya. Ratiba ya mwaka aliokufa Kiema na ya mwaka uliofuata zote zilikuwa kwa mwandiko wa Mama. Jina lake lilikuwa mahali pake, la tisa, nalo lilikuwa limekatwa kwa mstari wa rula, mwaka wa kwanza na mwaka wa pili.

"Tulimwuliza mara tatu," Gachanja alisema. "Mara ya tatu akasema tukija hatafungua. Tulidhani wewe unajua."

Jioni hiyo nilikuwa namwosha Mama miguu, ambayo ilikuwa imevimba, nikamwambia nimeliona daftari. Aliutoa mguu mmoja majini, akaniletea wa pili.

"Nilipata bastola," alisema. "Katika mfuko wangu wa sweta, imefungwa ndani ya sweta ya mtoto. Nikamwuliza Kiema. Akasema, 'Bado sijaitumia, mathe.' Bado, Koki. Alisema bado."

Kesho yake Kiema aliiondoa. Mama hakumwambia mtu. Alianza novena kwa Mtakatifu Rita, siku tisa, akipiga magoti saa kumi alfajiri kabla ya kwenda sokoni. Alimwambia Rita kwamba alichoomba yeye kwa wanawe, ndicho anachoomba Mama kwa mwanawe. Siku ya tisa ilikuwa Jumanne; Ijumaa yake Kiema akafa.

"Mama, trela haikusikia sala yako."

"Aliyeisikia si trela."

"Uliomba asiue. Hiyo si dhambi."

"Niliomba amchukue. Nilijua maana yake." Akaninyang'anya taulo, akajifuta mwenyewe. "Sasa nifungue mdomo ule ule nipokee Mwili wa Kristo? Nikaribishe watu waje kumwimbia Rita kwangu, nami niwapikie chai?"

Nilimaliza kidato cha nne, na katekisimu naijua, lakini hilo halikuwamo. Nilimwomba tu amwambie Padri maneno hayo hayo, yalivyo.

"Akikataa kuniondolea?"

"Tutakaa hapa wawili."

Padri Mutisya alikuja Alhamisi. Ni kijana, nami niliogopa ujana wake. Nilitoka nikaketi ngazini na Mama Jacky, aliyekuwa amepanda na uji kwenye chupa ya chai. Muda ulipita.

"Anakawia," Mama Jacky alinong'ona. "Mimi yangu huisha dakika mbili, na dhambi zangu haziingii hata kwenye mkokoteni."

Sikuweza kucheka. Alinishika goti, akakaa hivyo, mpaka mlango ukafunguliwa na Padri akatuita ndani. Macho yake yalikuwa mekundu. Alimpaka Mama mafuta, akampa kipande kidogo cha Ekaristi na maji kwenye kijiko. Mama alimeza kwa shida, akafumba macho.

Jumamosi jumuiya ilikuja. Viatu vilijaa hadi ngazini. Mama aliomba jambo moja, wasimwimbie Rita, na Gachanja akaongoza rozari pekee. Walipoondoka nilimrekebishia mto nikamwambia, nikiwa na furaha ambayo sasa naionea aibu, "Umeona? Yamekwisha."

"Mungu amenisamehe," alisema. "Padri amesema, na ninaamini." Alipumzika kidogo. "Lakini aliyeombewa afe ni Kiema. Yeye bado hajaniambia kitu."

Alikufa Jumatatu adhuhuri. Nilikuwa nimeenda kununua dawa ya maumivu, na Mama Jacky ndiye aliyemfumba macho.

Katika Misa, Padri anapofika kwenye sala ya marehemu na kutuachia kimya kidogo, namtaja Kiema kwanza, kisha Mama. Naomba wawe wamekutana. Nikifika hapo sala yangu hukwama, kwa sababu najua Mama ataanza kwa kumwambia ile sala ya siku tisa, na sijui Kiema atamjibu nini.